Futari ya Nne Saba

Mwaka 2014 sikukuu ya uhuru wa Marekani iliangukia Ijumaa, ndani ya Ramadhani. Baba alikuwa ameapa uraia miezi michache tu nyuma, na uzalendo wake ulikuwa bado wa moto. "Safari hii hatuangalii fataki kwenye televisheni," alitangaza. Mama akamuuliza kama hao wenye fataki wanajua kuwa magharibi ni saa mbili na dakika 37.

Tulikuwa tunakaa Silver Spring, Maryland. Kimbunga Arthur kilikuwa kimepita baharini na kuondoka na joto, jambo la kushukuru, maana saumu ya Julai kule inapita saa kumi na sita. Moshi wa nyama ulipanda kutoka kila ua wa mtaa. Baba aliporudi kuswali Ijumaa hakuchelewa kuketi mbele ya Kombe la Dunia. Mama alitaka tutoke mapema tupate pa kukaa, lakini mzee hakubanduka mpaka Neymar alipotolewa kwa machela na Brazil ikamaliza kazi, 2-1 dhidi ya Colombia.

Kapu lilikuwa tayari: tende, sambusa, kaimati, mihogo ya nazi, na uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai. Kuingia National Mall, ule uwanja mkubwa wa nyasi katikati ya jiji la Washington ambako fataki hutazamwa, siku hiyo lazima ukaguliwe. Askari akafungua ile chupa, mvuke ukamvaa usoni, akarudi nyuma hatua. "Uji huo, baba," Mama akamwambia, kwa Kiswahili hivyo hivyo, saumu imeshamchosha. Akatupisha.

Tulitandika mkeka karibu na Mnara wa Washington, uliofunguliwa tena Mei ile baada ya kuzibwa nyufa za tetemeko la 2011. Baba akaanza darasa. Alitoka 1776 akarukia TANU, iliyozaliwa 7 Julai 1954, ambayo Jumatatu ingetimiza miaka 60. Ndiyo maana sikukuu hii aliiita Nne Saba: kwake ilikuwa mkesha mrefu wa Saba Saba.

Bibi mmoja wa mkeka wa jirani alitukaribisha tikiti maji. Mama akamweleza, naye akakirudisha kisu kwenye sanduku la barafu na kuanza kutazama saa kila mara, utadhani na yeye amefunga. Ndiye aliyetutangulia kusema muda umefika! Tikiti likaja huku, kaimati zikaenda kule, na ninavyokumbuka sisi ndio tuliofaidi, kwa sababu zile kaimati zilikuwa zimeshapoa na kulegea.

Tukaswali magharibi palepale nyasini. Fataki zilipoanza baada ya saa tatu, juu ya bwawa la Lincoln Memorial, mdogo wangu, aliyekuwa amefunga siku nzima kwa mara ya kwanza, alikuwa amelala fofofo. Mizinga yote ile haikumwamsha. Kesho yake alilia kwa hasira na kutulaumu sote.

Treni za kurudi zilijaa hata pa kuweka mguu hapakuwepo. Tulifika karibu na daku, tukala, tukalala mpaka mchana wa Jumamosi, Argentina ilipokuwa inaingia uwanjani na Ubelgiji. Wabelgiji hao ndio waliokuwa wameitoa Marekani siku nne nyuma, na Baba alikuwa hajawasamehe. Higuaín alipofunga dakika ya nane, alipiga takbiri hadi Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani kafa.