Mradi wa poka: safari hii meza yenye watu

Mradi bado ni uleule: kuijua poka aina ya Texas Hold'em, ile ya karata 2 mkononi na 5 za mezani ambazo kila mtu anazitumia. Mpaka juzi mazoezi yangu yote yalikuwa kwenye simu, na mkekani hapa Sengerema kwa kuchezea vifuniko vya soda. Jumamosi nikavuka na Masanja kwenda Mwanza kujaribu kasino.

Mwenye moto zaidi ni Masanja. Kila nikisema hatujaiva ananitajia Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Marekani aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 2003 na kuondoka na dola milioni 2.5, wakati hajawahi kucheza mashindano ya ana kwa ana maishani. Namjibu kwamba waliotokea kwenye kompyuta kama yeye wakarudi kwao bila nauli hakuna anayewataja.

Makubaliano yalikuwa laki moja ya mezani kila mtu, nauli na chakula mfuko mwingine, na laini zetu za pesa tumewaachia wake zetu. Nje ya kasino kuna wakala wa pesa za simu, na sidhani kama alichagua kona ile kwa bahati.

Tulipanda kivuko cha Kamanga, kinachokushusha mjini kabisa. Mlangoni walitazama vitambulisho, kisha dada wa mapokezi akatuonyesha meza ya poka ambayo haikuwa na mtu hata mmoja. Kumbe ile unashindana na kasino yenyewe. Sheria zake zimepangwa ili faida ibaki upande wao, na mgawa karata humpigi mkwara: anafuata utaratibu tu. Meza ya wachezaji kwa wachezaji hufunguliwa jioni watu wakitosha, kasino ikichukua asilimia 5 ya kila chungu, yaani pesa zote zilizowekwa katikati kwenye mzunguko. Basi tukaenda Kirumba kula sato na ugali, tukarudi jua likizama.

Kilichonishangaza ni mwendo. Kwenye simu napata mizunguko zaidi ya 60 kwa saa. Mezani, hata mgawaji akiwa mwepesi, ni kama 25 hadi 30. Na nyingi unatupa. Ree mbili mkononi, jozi kubwa kuliko zote, huja wastani wa mara 1 katika 221, kwa hiyo unaweza kukaa usiku kucha usizione. Unabaki kuangalia watu. Kijana wa pembeni yangu alikuwa akipata karata nzuri anaacha kuchezea chipu zake. Kitu hicho simu haikuonyeshi.

Mzunguko wa kukumbukwa huu hapa. Dau za lazima ni 1,000 na 2,000. Nina ree na kumi za kopa, napandisha hadi 6,000. Wanalipa wawili: mzee mmoja mwenye kofia, niliyemwamkia shikamoo tulipokaa, na mwenye dau la 2,000. Chungu 19,000, pamoja na ile 1,000 ya lazima ya aliyetupa. Zinashuka mfalme wa kopa, sita ya kopa, tatu ya pao. Mwenye dau la 2,000 na mimi tunapita bila kuweka kitu, mzee anaweka 6,000, yule mwingine anatupa. Nina kopa nne, nahitaji moja tu zitimie tano za aina moja, mkono mzito. Kopa zilizobaki ni 9 katika karata 47 nisizoziona, asilimia 19. Bei yangu ni 6,000 kupigania jumla ya 31,000, asilimia 19 na kidogo. Inalipika. Nikalipa.

Karata ya nne: nne ya uru. Haina msaada. Napita, mzee anasukuma 20,000 bila kuniangalia. Sasa ni 20,000 kupigania jumla ya 71,000: natakiwa kuwa na asilimia 28, ninazo chini kidogo ya 20. Hata nikiongeza ree 3 zilizobaki, za kunipa jozi ya ree, ni karata 12 kati ya 46, asilimia 26. Hesabu hizo nazifanya polepole, vidole chini ya meza, na mzee anasema, "Fikiri tu mwanangu, mimi sina haraka." Nikatupa. Akarudisha zake kifudifudi, akaagiza chai.

Njiani kurudi, kwenye Hiace iliyopita daraja jipya la Kigongo–Busisi (kilomita 3 juu ya ziwa, miaka hii yote tulikuwa tunangoja pantoni), Masanja hakunyamaza. Hoja yake: ningepata kopa, mzee angenilipa zaidi. Nikapiga hesabu kwenye simu: kwa kopa 9 peke yake ningehitaji aniongezee kama 31,000 kila ninapopata. Masanja anasema angelipa. Mimi nasema mtu anayeagiza chai katikati ya chungu cha 51,000 halipi ovyo kopa ya tatu ikishuka mezani.

Nilibaki na 82,000. Masanja 117,000, na sasa anajiona Moneymaker. Kinachofuata ni mazoezi ya kukaa mwisho kuamua, maana mzee alikuwa na faida hiyo juu yangu mzunguko mzima. Vifuniko vya soda vinatosha kwa hilo, ila nahitaji watu watano mkekani.