Dakika 15 za mapumziko ndizo zinazovuruga ukumbi

Ukumbi unaouza chakula na burudani hauendeshwi kama hoteli ya kawaida. Hotelini wateja huingia mmoja mmoja na oda hufika jikoni kwa zamu. Usiku wa mpira au wa taarab, meza zote huagiza kwa pamoja. Ndiyo maana kumbi nyingi hapa Mombasa huongeza wahudumu na chakula bado kinachelewa: watu wameongezwa, kazi haijagawanywa.

Tuchukue meza 20 na wahudumu wawili. Kuuliza, kuandika na kufikisha oda jikoni hula dakika mbili kwa kila meza. Meza 10 kwa mtu ni dakika 20, na mapumziko ya mpira ni 15 tu. Mishkaki nayo inataka kama dakika 10 juu ya makaa. Hesabu hiyo haiwezi kutoka hata wahudumu wakimbie vipi.

Oda za mapumziko zichukuliwe kuanzia dakika ya 25 ya mpira, kwa karatasi fupi yenye vitu vya kutoka upesi: mishkaki, viazi karai, bhajia, ukwaju. Samaki mzima wa kuchoma aagizwe kabla mpira haujaanza. Mishkaki iingie motoni dakika ya 38. Usiichome nusu ukaiweka kando isubiri. Nyama mbichi nusu kwenye joto hili la pwani ni kumtilia mteja maradhi. Viazi vinaweza kuchemshwa mapema, vikabaki kuchovywa na kukaangwa.

Kisha ajiriwe mtu wa tatu, na kazi yake iwe moja: kubeba sahani. Anayechukua oda asiende jikoni kabisa, kwa sababu akiingia tu kule meza zake hubaki yatima. Bili ziandaliwe dakika ya 75 zikiwa na namba ya Lipa na M-Pesa juu yake. Malipo yahakikishwe kwenye simu ya ukumbi. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si ushahidi.

Kuna jambo la saa ambalo ratiba nyingi hulisahau. Mechi ya Uingereza ya Jumamosi saa tisa alasiri kwao, kwetu huanza saa kumi na moja jioni. Wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, huanza saa kumi na mbili hadi mwishoni mwa Machi. Miezi hiyo sala ya magharibi huingia ndani ya kipindi cha kwanza, mara nyingi pale pale oda zinapochukuliwa. Wahudumu wanaosali wapangiwe tangu asubuhi namna ya kupokezana. Kumnunia mtu anayekwenda kusali ni kosa la msimamizi aliyepanga zamu.

Taarab ina shida zake. Wimbo ni mrefu, na watu wakiinuka kumtunza mwimbaji kwa pesa, njia ya mbele ya jukwaa hufungika. Sinia ya vinywaji ikipita hapo itamwagika, tena juu ya nguo ya harusi. Wahudumu wapite ukutani, na vyombo vitolewe bendi inapopumzika. Keshia awe na noti nyingi za 50 na 100, maana kila anayetaka kutunza atakuja kuvunja 1000 kwake. Zikiisha, chenji ya bili ndiyo itakayokwama.

La mwisho ni usafiri, na hapa ndipo wahudumu wazuri wanapopotea. Anayeishi Likoni au Mtwapa akimaliza saa nane usiku, matatu ni chache na bodaboda inameza sehemu kubwa ya malipo ya siku. Ataanza kutoroka kabla ya kufunga, kisha hatarudi. Tuktuk moja inayolipwa na ukumbi ni nafuu kuliko kufundisha mgeni kila mwezi. Na yule anayeitwa kibarua, siku zake mfululizo zikifikia mwezi mmoja, Sheria ya Ajira ya 2007 haimhesabu tena kibarua wa kutwa. Mapumziko ya siku moja kwa kila siku saba ni haki yake, hata Jumamosi ukumbi ukifurika.