Dumu la Mafuta ya Taa

Juni 1999 mjomba, kaka yake mama, alikubali kunichukua porini kurina asali. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kwao ni Sikonge, kusini mwa Tabora, na huko hakuna anayesema anakwenda kupiga kambi. Watu husema tu "nakwenda porini", kisha wanapotea siku sita au kumi kwenye miombo, wakilala chini na kupika kwenye mafiga.

Siku ya kuamkia safari ilikwisha yote kwenye kufunga mizigo. Tulikuwa na baiskeli mbili, na mjomba alitaka kila kitu kipite mikononi mwangu. Unga, michembe, karanga, dagaa wa Kigoma, chumvi ya Uvinza kwenye kopo. Panga, shoka, turubai, sufuria moja, blanketi mbili kwa kila mtu. Nilishangaa blanketi mbili za nini, Tabora na joto lake. Akasema subiri usiku wa Juni. Kibali cha kuingia msituni alikikunja kwenye nailoni, akakitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Sweta langu la shule lilikuwa la bluu iliyokolea. Alilitoa kwenye furushi akalirudisha ndani ya nyumba.

"Ndorobo, hao mbung'o, wanafuata bluu na nyeusi, mjomba. Hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo." Akanipa shati lake la kaki, zito, lenye harufu ya moshi.

Jioni, mzigo ukiwa umeshakazwa kwa mipira ya tairi, aliniita uani.

"Fumba macho. Nipe kiberiti."

Nilipapasa, nikatoa karanga, nikatoa kamba. Alinifungulisha mzigo wote, nikaufunga upya. Mara ya tatu kiberiti kilikuja mkononi bila kutafuta, kikiwa ndani ya kikopo ambacho mfuniko wake aliuzungushia nta ili unyevu usiingie. "Utakachohitaji gizani kinakaa juu, pembeni, mahali pale pale kila siku," alisema. "Babu zako walitoka hapa na mizigo kichwani mpaka Bagamoyo. Unadhani walikuwa wanatupia tu?"

Kazi ya maji aliniachia mwenyewe. Dumu la lita ishirini la kubeba kwenye keria, maji ya njiani na ya usiku wa kwanza. Dumu la kawaida lilikuwa limepasuka, nikachukua lingine nyuma ya jiko, nikalisuuza kwa sabuni mara mbili, nikajaza.

Tuliondoka alfajiri. Njiani tulikunywa maji ya kibuyu, yakaisha mchana. Saa kumi na moja jioni tukafika mahali alipochagua: penye mwinuko kidogo, mbali na njia ya wanyama, na kabla ya kutua mzigo aliinua macho kutazama kama kuna tawi kavu juu yetu. Nikafungua dumu, nikamimina kwenye kikombe, nikampa yeye kwanza kama inavyotakiwa.

Alikinusa kikombe. Hakunywa. Akanirudishia, nikanusa na mimi. Mafuta ya taa. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba unaong'aa rangi rangi. Dumu lile lilikuwa la mafuta ya taa, na yakishaingia kwenye plastiki hayatoki kwa sabuni wala kwa jua.

Nilisubiri kugombezwa. Koo lilikuwa limekauka hata kusema samahani nilishindwa. Mjomba alichukua sufuria na kikopo, akaniambia nibebe panga.

"Nilikupima kwa kiberiti," alisema tukiwa tunatembea, "dumu sikulinusa. Hilo ni langu."

Tulishuka hadi kwenye kijito, kimoja cha vile vinavyoelekea mto Ugalla, ambao maji yake huingia Malagarasi na kwenda Ziwa Tanganyika. Wakati ule kilikuwa mchanga mtupu, mweupe. Mimi niliona mchanga. Yeye alisimama akitazama chini, akatembea hadi pale kijito kinapopinda, kwenye ukingo wa nje, kisha akachuchumaa na kuniita kwa mkono.

Nyuki. Kama kumi hivi, wametua kwenye mchanga, matumbo yanacheza, wananyonya. Jua lilikuwa linakwisha na wao walikuwa wa mwisho wa siku ile. Mchanga chini yao ulikuwa na weusi mdogo, usingeuona ukiwa umesimama.

Alingoja waruke wenyewe, hakuwafukuza. Ndipo tukachimba, yeye kwa panga, mimi kwa viganja. Mkono ulipozama hadi kwenye kiwiko mchanga ukawa wa baridi, kisha mzito, kisha maji yakaanza kuingia kutoka pembeni, ya rangi ya chai ya maziwa. Nilitaka kuyateka. "Yamwage." Nikayamwaga. Yakajaa tena. "Yamwage." Mara ya tatu yalikuja taratibu, na nikaona punje za mchanga zimetulia chini yake, moja moja.

Tuliyachuja kwa kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne, tukabeba sufuria hadi kambini, tukayachemsha mpaka yakatokota vizuri. Kungoja yapoe kulikuwa kugumu kuliko safari nzima. Nilikata nyasi nikatandika chini ya turubai, kwa sababu baridi ya porini hutoka ardhini, na blanketi ya pili nilikuja kuielewa kabla ya usiku wa manane. Maji yalikuwa na ladha ya moshi. Nilikunywa vikombe vitatu.

Asali tuliipata, siku zilizofuata, kwenye mizinga ya magome, usiku, kwa moshi wa kienge. Asubuhi ya kuondoka tulirudi kijitoni. Mjomba alifunika kisima kwa matawi ya miiba mifugo isikikanyage, akakitundika kikopo chetu cha kutekea kwenye tawi lililo karibu, mdomo ukitazama chini, mahali ambapo mtu akija ataweza kukiona.