Mama wa Vigae na Neno la Bandarini

Nilikuwa karani kijana katika ofisi ya kutoa mizigo, jirani na bandari ya Dar es Salaam, na neno demurrage lilipita mikononi mwangu kila siku. Sisi tulilitamka "demareji". Mteja akiuliza maana yake, jibu la ofisi lilikuwa moja: "Ni faini ya kuchelewa, lipa kabla haijapanda."

Mama mmoja wa Kariakoo, muuza vigae, hakuridhika na jibu hilo. Kontena lake la futi 40 kutoka China lilikwama kwa sababu hati halisi ya shehena ilichelewa kumfikia, na ankara ya wakala wa meli, tena ya dola, ilizidi kunenepa. Alivaa miwani, akaweka kidole juu ya neno lile.

"Mwanangu, silipi nisichokijua. Nieleze."

Nilifurahi kuulizwa, maana nilishalifuatilia neno hilo kwenye kamusi kubwa za Kiingereza kwa mapenzi tu. Limetoka kwenye kitenzi cha Kifaransa cha kale chenye maana ya kukawia, na Waingereza wanalo tangu karne ya 17. Enzi za meli za matanga, aliyekodi meli alipewa siku maalumu za kupakia na kupakua. Zikiisha na meli bado iko gatini, alimlipa mwenye meli kwa kila siku iliyozidi, kwani meli iliyosimama haiingizi kitu na mabaharia wanaendelea kula. Mikataba mingine ilimpa fedha aliyemaliza mapema. Baadaye reli nazo zikalitumia kwa mabehewa, na kampuni za meli kwa makontena.

Limefika hata kwenye fedha zenyewe, na hapo ndipo linaponivutia zaidi. Mwaka 1932 mji wa Wörgl, Austria, ukifuata mawazo ya Silvio Gesell, mfanyabiashara Mjerumani aliyeandika kuhusu fedha, ulitoa noti zake zilizopoteza asilimia 1 ya thamani kila mwezi, mpaka mwenye nazo azibandike stempu. Watu wakazitumia haraka badala ya kuzifungia kabatini. Benki kuu ikaukomesha mpango huo mwaka 1933. Wachumi wanaoandika kwa Kiingereza huiita tozo ya namna hiyo kwa neno lile lile la mabaharia.

Mama hayo ya Austria sikumpa. Alikuwa na haraka. Nilimwambia tu kwamba si faini, ni malipo yaliyokubaliwa tangu mwanzo, na kwamba storeji, yaani ada ya kuhifadhi mzigo, ni kitu kingine, hiyo ni ya bandari.

"Kama tulikubaliana, basi pameandikwa. Soma."

Tukayasoma masharti ya wakala, yale maandishi madogo, mimi nikitafsiri mstari kwa mstari. Siku za bure, yaani zile za kukaa na kontena bila kulipia, zilipaswa kuanza kontena likishushwa. Ankara ilikuwa imehesabu tangu meli ilipotia nanga nje, ikisubiri gati. Mama akaomba kalenda na kalamu, akahesabu mwenyewe, akarudia.

Tuliandika barua, tukaambatisha karatasi ya kushushia kontena. Ankara ikarekebishwa. Kilichobaki alikilipa chote bila kunung'unika. "Hicho ni haki yao," alisema.

Mzigo wake uliofuata, vigae vikiwa bado kiwandani China, alinipigia simu. Hakuuliza bei ya usafiri. Alitaka kujua siku za bure ni ngapi, zinaanza lini, na zimeandikwa ukurasa gani.