Siku mjomba alipouona mwamba kwa juu

Nta ndo ilianza kutusumbua. Mgeni wetu alitoka Alaska, kule Marekani, mtu wa sefing, yaani kupanda mawimbi kwa ubao, aliyezoea bahari ambayo wakati wa baridi maji yake yanafika nyuzi 5 hivi, na nta aliyokuja nayo ya kupaka juu ya ubao ili mguu usiteleze ilikuwa ya maji baridi, laini kabisa. Sasa kitu kama hicho ukiweke juani Mtwara saa sita mchana! Tuliegemeza ubao ukutani pale Shangani, tunarudi tunakuta nta yote imechuruzika mpaka chini na mchanga umenasa humo humo. Ikabidi niende sokoni kutafuta nta ya nyuki, tukaiyeyusha pamoja na mishumaa kwenye sufuria kuukuu ya dada, tukaipaka duara duara ikiwa bado ya vuguvugu. Ilipopoa ikaacha vipele vidogo vidogo, ukipitisha kiganja unavisikia kabisa. Ilishika mpaka siku ya mwisho.

Huyu jamaa kwao anaenda kutafuta mawimbi kwa ndege ndogo. Sio uwanjani kwenda uwanjani, hapana, zile ndege za watu wawili zenye matairi manene yaliyojaa upepo kidogo, zinatua juu ya mchanga wa ufukweni maji yakitoka, sehemu ambayo hakuna barabara wala nyumba, dubu ndo wanapita hapo. Rubani anatakiwa ajue maji yanarudi saa ngapi maana kule kuna ghuba tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 9, ukizubaa ndege imemezwa. Wakishuka wanavaa suti ya mpira ya milimita 5 au 6, na kofia yake na glovu na viatu. Nilimuuliza maji hayaingii? Akasema yanaingia, kidogo, halafu joto la mwili linayapasha na ule mpira wenye vijipovu vya hewa ndani unazuia joto lisitoke.

Mi nilikuwa namtembeza na kumtafsiria. Nimezaliwa Msimbati, utotoni tulikuwa tunapanda mawimbi kwa vipande vya mbao za mitumbwi iliyokufa, kwa hiyo aliponiambia anatafuta wimbi la nje, la mwambani, ambalo hajalipanda mtu, nilimpeleka moja kwa moja kwa mjomba. Kwetu jambo la maana haliendi bila mjomba. Tena huyu ni nahodha, ameenda dago Kilwa miaka na miaka, analala visiwani na wenzie msimu mzima wanavua, ile miamba ya nje ya kisiwa cha Songo Mnara anaijua usiku na mchana.

Shikamoo, marahaba, tukakaa mkekani. Mgeni akatoa simu akaonyesha picha za setilaiti na utabiri wa mawimbi, mjomba akaziangalia kwa heshima tu. Akasema, "Mpwangu, mwambie mgeni mwezi huu wa saba upepo wa kusi umekaza, wimbi lipo. Pale kuna mlango, pengo la kupitia mwambani, na kulia kwake mwamba umejikunja, wimbi linaanzia kule. Lakini asiende na bamvua, siku za maji makubwa. Ule mlango wakati wa bamvua maji yanakimbia, utamtafuta Mafia. Asubiri maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, aende asubuhi upepo haujaamka, maji yakiwa yanajaa."

Nikatafsiri. Mgeni akakaa kimya akiangalia simu yake, halafu akasema ndicho alichokuwa anataka kuuliza. Akaeleza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, kwamba mawimbi makubwa ya bahari ya kusini kabisa huku hayatufikii vizuri kwa sababu Madagaska imekaa katikati kama ukuta, kwa hiyo wimbi letu sisi linatengenezwa na kusi lenyewe, linapita kaskazini ya ncha ya Madagaska na kuja moja kwa moja. Na kwa kuwa kina kinashuka ghafla karibu na pwani, halipati pa kupunguzia nguvu, linakuja kuukuta mwamba likiwa zima. Mjomba akatikisa kichwa, "Ndiyo. Pale nje ukidondosha jiwe hulisikii kufika."

Barabara ya lami mpaka Kilwa ipo, lakini mgeni alitaka kuona kwa juu kwanza wimbi linavunjikia wapi, akakodi ndege ndogo, Cessna 206, na kusema nahodha lazima awepo. Mjomba hajawahi kupanda ndege. Alikuja uwanjani Mtwara na kanzu yake na kofia, safi, ananukia udi. Rubani akatoa kiti kimoja cha nyuma ili ubao upite katikati, sote tukapimwa uzito, saa kumi na mbili na nusu tukaruka.

Dakika za mwanzo mjomba alishika kiti kwa mikono miwili akawa anasoma dua. Tulipopita Mikindani akafungua macho. Sudi hiyo, akasema. Tukapita mdomo wa Lukuledi pale Lindi, Mchinga, Kiswere, yeye anataja tu, na sasa ameachia kiti amebandika paji la uso kwenye kioo. Nilikuwa nyuma yake naona pumzi yake inaweka ukungu pale kiooni, anaufuta kwa ncha ya kanzu, unarudi, anaufuta tena.

Songo Mnara ilipotokea alinishika goti kwa nguvu. Upande wa mashariki kulikuwa na mstari mweupe mrefu, halafu unakatika, pana bluu nzito, halafu mweupe unaendelea. "Ule ndio mlango. Kulia kwake kuna mwamba umejikunja, wimbi linaanzia kule linakimbilia hapa. Si nilisema?" Alikuwa amesema kweli, mkekani, neno kwa neno, na hajawahi kuuona kwa juu hata siku moja. Miaka yote aliuona akiwa kwenye dau, macho yake hayajapita urefu wa mlingoti. Mi nilitokwa na machozi kabisa na sikujificha. Rubani akazunguka mara nyingine tena, mgeni anapiga picha na huku anapiga kelele.

Tukatua Kilwa Masoko, boti ya injini ilishatungoja. Huko nje mjomba akamzuia nahodha wa boti mbali kidogo na mlango, akasema subirini. Wimbi kubwa haliji peke yake, yanakuja kwa makundi, yakishapita bahari inatulia kidogo ndo unaingia. Nikamwona mgeni naye midomo inacheza, anahesabu. Walikuwa wanahesabu kitu kimoja, mmoja ili avuke salama na samaki wake, mwingine ili ajue alirukie lipi.

Mgeni alipanda mengi, kwa raha zake, wimbi linajikunja kutoka kulia vile vile lilivyosemwa. Mi alinipa zamu. Nilianguka nikaanguka, kisha likaja moja lisilo kubwa, nikasimama, nikaona matumbawe yanapita chini yangu, rangi ya kahawia na njano, maji maangavu kama hayapo, na mguu wangu umeshika ile nta ya nyuki haubanduki. Sikusikia kitu kingine chochote zaidi ya yale maji. Ilikuwa sekunde chache tu, lakini ukiniamsha usiku wa manane nakusimulia yote.

Baridi niliipata nilipotoka. Watu wanadhani huku hakuna baridi, maji yenyewe nyuzi 25 hivi, lakini kaa umelowa kwenye boti saa nne asubuhi kusi limeshaamka uone. Meno yaligongana. Mgeni akavua fulana yake ya mpira, nyembamba, akanivalisha, na baada ya muda mgongo ukaanza kupata moto kweli kama alivyoeleza.

Jioni tulirudi Mtwara, nikamsindikiza mjomba mpaka Msimbati. Nilitegemea barazani atasimulia ndege. Wapi! Alikaa tu akachukua kijiti akaanza kuchora mwamba mchangani, mlango huu, mkunjo huu hapa, na mzee mmoja aliyewahi kwenda naye dago akabisha, eti mkunjo uko kushoto. Zamani ubishi huo ulikuwa hauishi. "We unasema," mjomba akamjibu, "mimi leo nimeuona kwa juu." Mzee akauliza ndege inakodishwa shilingi ngapi.