Mzizi wa Chini ya Sashe

Jana kitindamimba wangu alirudi kutoka shule na mche wa mkalitusi ndani ya sashe nyeusi, kile kimfuko cha plastiki cha kukuzia miche. Kabla hajautua chini nilikuwa nimeshaupindua, nachungulia matundu.

"Papa, unatafuta nini?"

Nikamwambia aende kunawa mikono.

Juni 2010, mvua zimeshakatika. Mimi ndiye nashika daftari la mapokezi ya miche, kazi yangu ya kwanza ya mshahara, na lori limeingia Ndosho, mtaa wa Goma, na miche maelfu kutoka mbali, yote ya kugawa bure. Lilipita mbele ya pepinyeri ya shangazi, kitalu chake cha miche ya kuuza.

Pepinyeri yenyewe vitanda vinne juu ya mawe ya volkano, kivuli cha majani ya migomba. Udongo alinunua kwa vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, maana kwetu ukichimba unagonga jiwe. Maji, bidoni kwa bidoni. Alikuwa na gereveria na mikalitusi zaidi ya elfu mbili, akingoja wanunuzi.

Lori likishusha, akaja na wembe. Hakunisalimia. Akachukua mche mmoja, akapasua sashe taratibu kama anayepasua samaki, akapangusa udongo kwa kidole gumba. Mzizi mkuu ulikuwa umefika chini, ukakosa pa kwenda, ukajizungusha mara tatu, mgumu kama waya. Akaunyoosha. Ukajikunja tena.

"Yangu naisogezasogeza, mizizi isishike chini. Na maji nayapunguza mapema ili izoee jua. Hii imelelewa kama mtoto wa bosi." Akanitazama. "Na wewe unajua. Umejaza hizi sashe na mimi. Mbona hukutaja jina langu?"

Nikainamia daftari. Nilikuwa nimeshaandika: hali nzuri.

Watu walibeba ya bure, nani angekataa? Kufika Agosti mingi ilikuwa imekauka. Ya shangazi ilizeekea kwenye sashe, akaishia kuwashia moto. Labda hata ningesema nisingesikilizwa, nilikuwa karani tu. Hilo nimejiambia mara nyingi.

Nisichokielewa ni jioni ile. Nilimkuta peke yake uwanjani, anamwagilia miche ya lori iliyobaki, kwa bidoni yake.

Huu wa mtoto uko dirishani. Mzizi mmoja mweupe umeshatokeza kwenye tundu. Jumatatu nitamuuliza mwalimu wake walikoununua.