Wiki ya kubadilisha funguo

Jumatatu ya tarehe 7 Aprili 2014, hitilafu ya Heartbleed ilipotangazwa, nilikuwa msimamizi wa mifumo katika taasisi iliyokuwa ikibadilishana rekodi za wateja na taasisi mwenza kupitia intaneti. Seva zetu na zao zilitumia OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya intaneti yasisomwe na wengine, toleo la 1.0.1, ambalo lilikuwa na kasoro hiyo tangu lilipotolewa mwaka 2012. Mtu yeyote aliyeweza kuifikia seva aliweza kuipelekea ujumbe mfupi unaodai kuwa ni mrefu, na seva, bila kuhakiki dai hilo, ikamrudishia hadi kilobaiti 64 za chochote kilichokuwa kwenye memori yake wakati ule: nywila, vipande vya rekodi, pengine hata ufunguo wa siri ambao seva hutumia kuthibitisha kuwa ndiyo yenyewe. Aliyefanya hivyo hakuacha alama yoyote katika logi za kawaida, yaani kumbukumbu za matukio ya seva. Hatukuwa na namna ya kujua kama tumeibiwa, na kwa hiyo ilitupasa kufanya kazi kama watu waliokwisha kuibiwa.

Mpangilio wa kazi ulikuwa na maana kubwa. Kwanza programu isasishwe hadi toleo la 1.0.1g, lililoziba kasoro hiyo, ndipo funguo mpya zitengenezwe, kwa maana ufunguo mpya ukiwekwa kwenye seva yenye tundu huvuja vilevile kama ule wa zamani. Wapo waliosema siku zile kwamba ufunguo wa siri hauwezi kuchotwa kwa njia hiyo. Cloudflare, kampuni ya huduma za intaneti, iliweka seva ya majaribio na kuwaalika watu wajaribu, na kufikia Ijumaa ya wiki hiyohiyo ufunguo ulikuwa umepatikana. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini nasisitiza funguo zibadilishwe.

Kilichobaki ndicho kilichokuwa kigumu, nacho ni kuaminiana upya. Tangu wataalamu wa mawasiliano ya siri Diffie na Hellman walipochapisha kazi yao mwaka 1976, watu wawili wasiowahi kukutana wanaweza kukubaliana siri mbele ya macho ya msikilizaji, naye asiipate. Lakini hesabu hiyo peke yake haisemi unakubaliana na nani. Anayejiweka katikati anaweza kukubaliana siri moja na wewe na nyingine na mwenzako, kisha akawa anasoma kila kitu huku ninyi wawili mkidhani mko faraghani. Cheti, wazo lililotolewa na Loren Kohnfelder mwaka 1978 katika tasnifu yake pale MIT, hutibu jambo hilo kwa kuufunga ufunguo na jina chini ya sahihi ya mtu wa tatu anayeaminiwa, yaani mamlaka ya vyeti. Sisi tulikuwa tumeongeza tahadhari nyingine: kila upande ulihifadhi alama ya cheti cha mwenzake, yaani mfuatano mfupi unaokokotolewa kutoka kwenye cheti chenyewe, na seva ilikataa cheti chochote chenye alama tofauti, hata kama kimetiwa sahihi na mamlaka inayotambulika. Sasa alama zote hizo zilipaswa kubadilishwa, na mkondo uliotuunganisha ndio huohuo tulioutilia shaka.

Msimamizi wa upande wa pili alinitumia cheti kipya kwa baruapepe. Sikukiweka. Nilimpigia kwa namba iliyoandikwa kwenye mkataba wetu, si ile iliyokuwa chini ya baruapepe, na sauti yake niliifahamu kwa kuwa tulikuwa tumefanya kazi pamoja muda mrefu. Alama inayokokotolewa kwa kanuni ya SHA-256 huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, naye akanisomea mbili mbili, taratibu, akitenganisha zile zinazofanana masikioni: "B ya baba, dada yangu. Sasa D, ya neno dada." Nami nilimrudishia kila jozi kabla hajaendelea. Kisha tukabadilishana zamu, nikamsomea ya kwetu. Ni kazi ya kuchosha, lakini naiheshimu kuliko vifaa vingi vya bei kubwa nilivyowahi kusimamia, kwa sababu katika dakika zile uaminifu uliingia kwenye mtandao ukitoka nje ya mtandao, na sioni mahali pengine ambapo ungeweza kuanzia.

Tulipofungua mawasiliano, maombi mengine yalipita na mengine yakakataliwa. Logi zilionyesha kwamba, mara kwa mara, aliyejibu kwenye anwani yao alileta cheti cha zamani. Wakubwa wa pande zote mbili walitaka rekodi zianze kwenda mara moja, na pendekezo lililotolewa lilikuwa jepesi: turuhusu alama zote mbili, ya zamani na mpya, kwa muda tu. Cheti cha zamani kilikuwa hakijaisha muda, na hata kama mamlaka ingekibatilisha, programu nyingi zikishindwa kupata taarifa ya ubatilisho huendelea kana kwamba hakuna tatizo.

Nilikataa, na nikaeleza sababu kwa maandishi. Mwizi aliyeuchota ufunguo wao kwa Heartbleed angejitokeza kwetu kwa sura hiyohiyo: jina lao, cheti chao cha zamani, sahihi halali. Kutoka upande wetu, seva yao iliyosahauliwa na adui aliyekaa katikati havikuwa na tofauti hata moja tunayoweza kuipima. Kuruhusu alama ya zamani kungekuwa kumfungulia yule tuliyebadilisha funguo kwa ajili yake.

"Kaka," nilimwambia kwenye simu, "nitafutie huyo anayejibu kwa cheti cha zamani. Kama ni wenu, mtamwona kwenu."

Alimwona. Anwani yao moja ilihudumiwa na seva mbili zilizogawana kazi, na ya pili ilikuwa imesasishwa programu lakini haikuwa imepewa ufunguo mpya. Aliirekebisha, akanipigia tena, tukarudia kusoma alama iliyotoka kwenye seva hiyo, jozi kwa jozi, ingawa sote tulijua inapaswa kuwa ileile. Ilikuwa ileile. Rekodi zikaanza kupita bila kukataliwa, na utaratibu wa kuhakiki kwa sauti ukaongezwa kwenye mkataba pamoja na majina ya vyeo vya wanaoruhusiwa kuzisoma alama hizo.